Korongo la theluji kwa mtu wa Kigoma: Kibo, Mlima Kenya au Rwenzori?

Tuanze na lisilopendeza. Mtu anayeishi Kigoma hawezi kuondoka Ijumaa jioni, akapanda korongo la theluji, akawa kazini Jumatatu asubuhi. Wa Chamonix kule Ufaransa wanaweza, kwa sababu wanalala chini ya mlima wenyewe. Sisi tumejaliwa ziwa, tena uso wake uko mita 773 tu juu ya usawa wa bahari, na barafu iliyo karibu nasi kuliko zote iko nchi jirani. Wikendi ya Kigoma ina kazi yake katika safari hii, nitaifikia, lakini theluji yenyewe inadai likizo.

Kikundi chetu cha matembezi kimegawanyika juu ya likizo hiyo itumike wapi. Wapo wanaosema Kilimanjaro, basi: mlima wetu, hakuna mpaka wa kuvuka, Kiswahili mwanzo mwisho. Wapo waliosikia habari za Rwenzori, milima ya mpakani mwa Uganda na Kongo. Na yupo kijana mmoja, mwalimu wa sekondari, aliyeona picha ya Diamond Couloir, korongo la barafu la Mlima Kenya, kwenye simu, na tangu hapo haambiliki. Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji ajue ninakoegemea: kwa mtu wa huku anayetaka kukanyaga theluji ya mteremko mkali kwa mara ya kwanza, Rwenzori inaishinda milima mingine miwili. Ninayoiogopa zaidi ni Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, kupitia njia ya Western Breach, na ndiyo hiyo hiyo ambayo wengi wanaiona nyepesi.

Korongo lenyewe na saa zake

Ninaposema korongo la theluji namaanisha ule ufa mrefu unaokata uso wa mlima kutoka juu hadi chini, mwamba kushoto, mwamba kulia, theluji katikati. Mteremko ukiwa chini ya nyuzi 30 mtu anatembea tu. Ukifika nyuzi 40 na kitu, ukisimama wima unaweza kunyoosha mkono ukagusa theluji iliyo mbele yako. Ukipita 50 unaanza kusimamia meno ya mbele ya kramponi, vile vyuma vyenye meno vinavyofungwa chini ya buti, na vigimbi vya miguu vinawaka moto.

Uzuri wa korongo ni kwamba linakupeleka juu moja kwa moja. Hatari yake imo humo humo. Chochote kinachoachia juu, liwe jiwe, bonge la barafu au chupa ya maji ya mwenzako, hakina njia nyingine ila hiyo uliyomo. Tena maporomoko ya theluji hutokea zaidi kwenye miteremko ya kati ya nyuzi 30 na 45, yaani kwenye makorongo yale yale ambayo mpandaji wa kawaida anayaweza.

Kwa hiyo saa ndiyo inayoamua. Usiku baridi inagandisha kila kitu na mawe yananata ukutani. Asubuhi jua linagusa kuta za juu kwanza, wewe ukiwa bado kivulini huko chini unatetemeka, na hapo ndipo wengi hudanganyika: wanaona kwao bado baridi, wakati mita 300 juu yao mawe yameshaanza kulegea. Anayepanda korongo anaamka saa sita au saa saba usiku, na anataka awe ameshatoka juu kabla jua halijawa kali. Akichelewa kuanza, anarudi kulala. Hakuna kubembelezana hapo.

Rula inasema moja, barabara inasema jingine

Ukichukua rula ukapima kwenye ramani utashangaa. Kutoka Kigoma hadi kilele cha Margherita kule Rwenzori ni kama kilomita 590, karibu kaskazini moja kwa moja. Hadi Kibo ni kama 880. Mlima Kenya unakaribia 1,000. Watu wengi wa huku hawajui kwamba barafu ya Uganda iko jirani kuliko barafu ya Moshi.

Barabara sasa. Kwenda Moshi unapita Uvinza, Kaliua, Tabora, Nzega, Singida, Babati, Arusha. Ni siku mbili kwa basi ikiwa mambo yamekwenda sawa, na wenye subira hupanda treni hadi Tabora kisha wakaunganisha. Wenye fedha wanapita Dar kwa ndege. Kwenda Kasese, mji ulio chini ya Rwenzori, unaanza na Kasulu, Kibondo, Kakonko, unatokea Nyakanazi, halafu Biharamulo, Bukoba, mpaka wa Mutukula, Masaka, Mbarara, ndipo Kasese. Nako ni siku mbili au zaidi, ukijumlisha kubadilisha gari na foleni ya mpakani. Faida ya umbali wa rula inaliwa na mpaka. Mlima Kenya ni mbali kuliko yote: ukishafika Arusha bado una Namanga, Nairobi, halafu Naro Moru.

Kwa hiyo safari ya njiani isikuamulie kati ya Kibo na Rwenzori. Zinalingana. Mlima Kenya peke yake ndio unaoadhibiwa na ramani.

Kibo: mlima wa nyumbani, korongo la mawe

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi watakapoelekea.

Njia za kawaida za Kilimanjaro, Marangu, Machame, Lemosho, Rongai, hazina korongo la theluji. Ni matembezi. Magumu, ndiyo, hasa ule usiku wa mwisho wa kwenda mita 5,895 kupitia changarawe inayorudi nyuma kila unapopiga hatua, lakini ni matembezi. Ukikuta theluji Stella Point umebahatika, na utaikanyaga kwa buti za kawaida. Mtu anayetaka kilele na picha ya kibao cha Uhuru asisome zaidi: achukue Machame au Lemosho, aongeze siku za kuzoea hewa, aende. Huo ni uamuzi mzuri kabisa. Ila asijidanganye kwamba ameenda kupanda theluji.

Anayetaka mteremko mkali anabaki na Western Breach, ule upande wa magharibi ambako ukingo wa kreta, lile shimo la volkano kileleni, umebomoka. Unalala kambi ya Arrow Glacier, karibu mita 4,800 na kitu. Barafu iliyoipa kambi hiyo jina imebaki mabaki. Kabla ya alfajiri unaanza kupanda miamba na theluji hadi unatokea kwenye sakafu ya kreta, karibu mita 5,700, jirani na barafu ya Furtwängler. Ni siku moja fupi kwenye ramani na ndefu sana kifuani.

Mambo matatu yananikwaza kuhusu njia hii.

La kwanza ni mawe. Januari 2006 yaliporomoka yakaua wapandaji watatu kutoka Marekani. Njia ikafungwa, ikafunguliwa tena mwishoni mwa 2007. Mawe ya upande ule yameshikwa na barafu, na barafu ya Kibo inakwisha: zaidi ya asilimia 80 ya ile iliyokuwepo mwaka 1912 imeshatoweka. Gundi inapungua, mawe hayapungui. Kweli, uso ule unatazama magharibi, hivyo asubuhi unakaa kivulini muda mrefu, na hiyo ni nafuu kubwa kwa anayeanza mapema. Nafuu tu lakini. Kampuni nyingi za Moshi na Arusha haziiuzi kabisa, na zinazoiuza hukulazimisha kuvaa kofia ngumu. Ukikutana na anayekuuzia Western Breach bila kutaja kofia, mshukuru na uondoke.

La pili ni kwamba theluji haina miadi. Kwenye miezi mikavu, Julai hadi Septemba, unaweza kukuta korongo lote ni jiwe na vumbi, na mtu aliyetoka Kigoma na shoka lake la barafu analitumia kama fimbo. Theluji nzuri inakuja na masika na vuli, na pamoja nayo mawingu, mvua ya msituni na mahema yasiyokauka. Wakati wa afadhali ni Januari na Februari, baada ya vuli, ambapo theluji huweza kuwa imebaki na anga imefunguka. Na theluji ikiwepo, njia ni salama zaidi, maana inafunga yale mawe madogo. Kavu ndiyo mbaya.

La tatu ndilo lililonifanya nibadili mawazo, na halizungumzwi vya kutosha. Ukishapanda Western Breach, hurudi kwa njia hiyo. Kushuka kwenye mawe yale na mtu mgonjwa ni kuomba balaa. Mwenzako akianza kutapika na kuyumba pale kreta, kwenye mita 5,700, ambako kanieneo ya hewa ni nusu tu ya ile ya pwani, dawa yake ni kushuka haraka, na kumbe kushuka kwenyewe kunaanzia kwa kupanda: lazima umvushe kwanza ukingo wa juu, karibu na Uhuru, ndipo umteremshe upande wa kambi za Barafu na Mweka. Kwa njia nyingine za Kibo mgonjwa unamgeuza tu. Hapa humgeuzi. Watu wetu, wanaotoka kando ya ziwa na kuanza kupanda siku chache baadaye, ndio hasa walio kwenye hatari ya maji kujaa mapafuni au ubongo kuvimba.

Juu ya hayo yote kuna ukuta wa Breach Wall, ambao Reinhold Messner na Konrad Renzler waliupanda mwaka 1978 kupitia barafu iliyoning'inia. Nautaja kwa sababu kila mwaka kuna mtu anauliza. Haujawekwa kwa ajili yetu.

Mlima Kenya: korongo la kweli, ila si la mgeni

Mwalimu wetu ana haki ya kukosa usingizi. Diamond Couloir ndilo korongo la barafu linalojulikana kuliko yote Afrika Mashariki, mstari mweupe kati ya Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188. Lilipandwa kwa mara ya kwanza mwaka 1973 na Phil Snyder pamoja na Thumbi Mathenge. Liko upande wa kusini, na kwa sababu tuko karibu na ikweta jambo hilo lina maana kubwa: kuanzia Juni hadi Septemba jua limeegemea kaskazini, upande wa kusini unabaki kivulini, barafu inajijenga. Januari ni kinyume chake.

Shida ni kwamba picha aliyoiona ni ya zamani. Sehemu ya chini ya korongo imepungukiwa barafu vibaya, na mpandaji wa siku hizi anaweza kukuta mwamba mtupu pale ambapo picha ya miaka ya 1970 inaonyesha barafu nene. Kulipanda kunataka mashoka mawili, skrubu za barafu, kamba mbili, mwenzako anayejua kukukamata ukianguka, na ujuzi wa mwamba juu yake. Hii si safari ya kujifunzia. Nilimwambia hivyo.

"Sasa kaka, mtu anajifunzia wapi kama kila mahali ni kwa wanaojua?"

Swali zuri, na jibu lake ndilo sehemu inayofuata. Kwa Mlima Kenya naongeza neno moja: kilele cha Lenana, mita 4,985, ni matembezi, na ni mahali pazuri pa kuzoesha mwili hewa nyepesi. Lakini kusafiri siku tatu kutoka Kigoma kwa ajili ya kuzoea hewa, hapana.

Rwenzori: matope kwanza, halafu theluji yenye mwalimu

Margherita ni mita 5,109, kwenye mlima Stanley, juu ya mstari wa mpaka wa Uganda na Kongo. Wa kwanza kufika huko kwa kumbukumbu za waandishi ni msafara wa Duke wa Abruzzi, Mwitaliano, mwaka 1906. Tofauti yake na Kibo ni mita 786, na hizo mita kichwa kinazijua.

Njia ya kati inaanzia Nyakalengija na kuzunguka kwa siku saba hivi. Ile ya Kilembe ni siku nane au zaidi. Na siku nyingi kati ya hizo ni matope. Sisemi matope ya barabara ya mtaani baada ya mvua. Nasema matope ya kufika gotini, katikati ya mafungu ya nyasi, huku umevaa mabuti ya mpira yale yale ambayo wakulima wetu wa Kasulu huvaa shambani. Waongozaji wa Rwenzori hawana haya nayo, wanakwambia acha buti zako za bei kwenye begi mpaka juu. Unatembea hivyo kupita bonde la Bujuku, miti ya ajabu mirefu kuliko nyumba, mvua ikija na kuondoka bila hodi. Mtu anayependa starehe asiende. Mtu aliyekulia mvua za Kigoma za Novemba hadi Aprili atavumilia.

Halafu unafika kibanda cha Elena, mita 4,541, na hapo mambo yanabadilika. Mabuti ya mpira yanavuliwa. Mwongozaji anakufunga kramponi mwenyewe na kuzikagua, anakuvisha mkanda wa kiunoni, anawaunganisha kwa kamba. Mnatoka gizani, mnavuka barafu ya Stanley, mnashuka mwamba, mnapanda barafu ya Margherita ambayo sehemu yake ni kali kiasi cha kuhitaji shoka mkononi na kamba iliyofungwa. Hilo si korongo kamili lenye kuta mbili. Ni mteremko wa barafu na theluji. Lakini mambo manne ambayo korongo linayataka yote yapo: kuamini meno ya kramponi, kutumia shoka, kutembea ndani ya kamba bila kuikanyaga, na kuamka usiku wa manane.

Hebu nieleze kidogo kinachofanyika pale, maana ndiyo sababu ya kura yangu. Mgeni wa theluji hutaka kuweka mguu wa pembeni, ule ukingo wa soli, alivyozoea kwenye udongo. Kramponi haitaki hivyo. Inataka soli nzima ibamizwe sambamba na mteremko ili meno yote yaingie, kifundo cha mguu kikipinda kwa namna isiyo ya kawaida. Mteremko ukizidi ukali, unageuza: unaingiza meno mawili ya mbele, kisigino unakishusha kidogo badala ya kukiinua. Kila mwili wa mgeni unataka kuinua kisigino, na kila kisigino kikiinuka meno yanachomoka. Shoka linashikwa kwa kichwa chake upande wa juu wa mteremko, kamba ya mkononi imevaliwa. Ukiteleza, unajigeuza kifudifudi, unalikandamiza ncha yake kwenye theluji kwa uzito wa kifua, na magoti. Miguu yenye kramponi unaiinua juu, maana jino likinasa ukiwa kwenye kasi linakupindua au kukuvunja. Mambo haya hayajifunzwi kwa kusoma. Yanataka mtu anayekusimamia na theluji ambayo ukiteleza hutakwenda mbali. Mwombe mwongozaji akufundishe mahali pasipo pakali kabla ya usiku wa kilele.

Hatari ya Rwenzori ni ya aina nyingine. Si mawe sana. Ni nyufa za kwenye barafu, ambazo theluji mpya huweza kuzifunika. Ndiyo maana kamba ya huko ina kazi ya kweli: mmoja akizama, wengine wanamshikilia. Linganisha na mteremko mkali usio na nyufa, ambapo watu wanne wamefungana kamba lakini hakuna iliyofungwa kwenye skrubu wala mwamba. Hapo mmoja akiteleza anawazoa wote. Kamba isiyofungwa popote ni kifo cha ushirika, na ukimwona mwongozaji anayeipenda hivyo kwenye korongo, muulize anaikusudia nini.

Kasoro za Rwenzori ni mbili kubwa. Barafu yake nayo inakimbia, hivyo njia ya kilele hubadilika, na ulichokisikia kwa aliyepanda zamani huenda kisiwepo. Na hali ya hewa: hata miezi inayoitwa mikavu, Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti, mvua inanyesha. Unaweza kufika Elena ukakuta ukungu ambao huoni mkono wako, ukarudi chini na matope yako yote. Anayehitaji uhakika wa kilele, Kibo kwa Lemosho ndilo jibu lake. Tena kwa kuwa Kasese iko mpakani na Kongo, ulizia hali ya usalama kabla ya kulipa.

Vifaa na gharama

Kote kuwili raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha hifadhi chini ya mgeni wa Ulaya, na kote kuwili hupandi bila mwongozaji. Kinachoumiza mfuko ni siku: kila siku mlimani ina mpagazi, mpishi, chakula. Kwa hesabu hiyo siku nane za Rwenzori na siku nane za Lemosho hazipishani sana, na anayekwambia Rwenzori ni ghali mno kwa kawaida analinganisha na Marangu ya siku tano, ambayo ni haraka kuliko ninavyoipendekeza kwa mtu wa mita 773.

Vifaa Moshi vinakodishwa, Kasese vinakodishwa, Kigoma hakuna. Kitu kimoja tu ningekitafuta huku: buti. Kwenye marobota ya mitumba pale Mwanga huwa zinapita buti za milimani za Ulaya, na wauzaji hawajui thamani yake. Kipimo ni rahisi. Ishike buti kwa mikono miwili, kunja soli. Ikikunjika, ni ya kutembelea Gombe. Ikigoma, inaweza kubeba kramponi, kwa sababu kramponi kwenye soli laini huchomoka unapoihitaji zaidi. Halafu angalia gundi ya soli; buti iliyokaa stoo miaka mingi huachia soli nzima siku ya pili ya safari.

Wikendi zetu: Gombe au Nkungwe?

Sasa ile kazi ya wikendi. Miguu inaandaliwa hapa hapa.

Gombe ndiyo ya wikendi hasa. Boti za abiria zinaondoka Kibirizi, hifadhi iko kilomita kama 16 kaskazini ya mji, na kutoka ufukweni hadi mgongo wa juu wa ukingo wa Bonde la Ufa unapanda mamia ya mita kwa mkupuo, nyasi na majani makavu ya miombo yakiteleza chini ya soli. Wengi wanaijua kwa sokwe na kwa Jane Goodall aliyefika mwaka 1960, lakini kwa mapaja ni mashine. Unakwenda na mwongozaji wa hifadhi, na mwambie mapema kwamba unataka mgongo wa juu, la sivyo atakupeleka kwa sokwe mkae.

Nkungwe, kule Mahale, ni mita 2,462, na inataka siku mbili tatu za kupanda na kushuka pamoja na askari wa hifadhi, ukiacha safari ya boti. Ni ya sikukuu iliyoungana na wikendi. Ina ukubwa wa mlima kweli: msitu, mianzi, baridi ya usiku, begi zito, na kule juu ziwa lote liko chini yako. Kama una nafasi moja tu kabla ya likizo, chagua Nkungwe. Kama una wikendi nyingi, Gombe mara kwa mara inajenga zaidi.

Ila hakuna kati ya hizo inayokuzoesha hewa. Dalili za ugonjwa wa mwinuko huanza kuonekana kwenye mita 2,500 hivi, na Nkungwe inaishia kabla ya hapo. Mwenye nguvu za kukimbia Nkungwe nzima anaweza kulala chali kambi ya Barranco kule Kilimanjaro, huku mama mmoja mwenye duka anampita polepole. Dawa ni ratiba: ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku, na weka siku ya kupumzika katikati.

Mafundo ya kamba mnaweza kujifunza nyumbani jioni, chini ya mwembe. Hata kamba ya mtumbwi ile ya bluu inafaa kwa mazoezi ya mafundo. Kwa kupandia, isikaribie begi lako: hainyumbuki, na mtu akianguka juu yake mshtuko wote unaishia mgongoni na kwenye fundo.

Nani aende wapi

Anayetaka kilele cha Afrika mara moja maishani: Kibo, Lemosho au Machame, siku nyingi kadiri mfuko unavyoruhusu. Aliyewahi kufika Uhuru bila kuumwa, ana kofia ngumu, ana mwongozaji anayeijua Western Breach na aliye tayari kuighairi saa saba usiku: huyo anaweza kuifikiria, Januari au Februari, kukiwa na theluji. Mwalimu wetu na Diamond Couloir yake: aende Rwenzori kwanza, halafu atafute mafunzo ya mwamba, halafu tuzungumze tena, na picha aziangalie za mwaka huu.

Wengine wote wa kikundi, kura yangu ni Rwenzori, Januari. Shule zikiwa zimefunga Desemba, hata Desemba mwishoni inafaa. Aliyekubali aanze na pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo Uganda huidai. Kadi hiyo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kudungwa sindano, kwa hiyo anayengoja wiki ya safari atabaki Mutukula akitupungia mkono.